Chandarua Si Uzio wa Bustani

Ndugu zetu wa Kikatiti, kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, waujua vyema msimu wa mvua: mashamba hunawiri, na mbu nao hawachelewi. Malaria haina huruma kwa mtoto mchanga wala kwa mama mjamzito. Kwa hiyo twaona ni wajibu wetu leo kuizungumzia ngao ambayo wananchi wengi hulala chini yake bila kujua imeundwaje.

Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilipokea kutoka kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ufundi wa kutengeneza vyandarua vya Olyset. Kikawa kiwanda cha kwanza katika Afrika kutengeneza vyandarua ambavyo dawa yake hudumu muda mrefu. Heshima hiyo ni ya wafanyakazi wetu, nasi twajivunia.

Uzi wa chandarua hicho si pamba. Ni polithini, plastiki iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, nayo ni ya jamaa ya vitu viitwavyo polima. Polima ni minyororo mirefu ya chembe ndogo mno. Plastiki ikiyeyushwa na kuvutwa iwe uzi, minyororo hiyo hujipanga kuelekea upande mmoja, mfano wa watu wavutao kamba moja. Ndiyo maana uzi mwembamba huhimili mvuto mkubwa.

Ajabu kubwa zaidi ni dawa. Permethrini haikupakwa juu, bali ilichanganywa ndani ya plastiki yenyewe. Hupenya polepole baina ya minyororo hadi juu ya uzi. Chandarua kikifuliwa, dawa ya juu hupungua, na ya ndani hutoka kushika nafasi yake, joto huiharakisha. Uzi huo ni kama ghala litoalo chakula kwa kipimo.

Hata hivyo, akiba hiyo haitatuokoa ikiwa wavu umetoboka. Uzi uvumiliao kuvutwa hauvumilii msumari wa kitanda wala moto wa kibatari. Jua kali nalo huikata minyororo ya polima, uzi ukakatika upesi. Tena, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mbu wamekwisha kuwa sugu kwa dawa za jamaa ya permethrini. Uzima wa wavu wenyewe umekuwa jambo la kufa na kupona.

Basi twasikitika chandarua kinapokatwa na kuzungushiwa mchicha au banda la kuku. Afanyaye hivyo huenda hana uzio, wala si mpumbavu; lakini mchicha ukiliwa hupandwa tena, mtoto hapandwi tena.

Mabalozi wa mashina na waende nyumba hadi nyumba. Wawaeleze wananchi kwamba chandarua hufuliwa kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, huanikwa kivulini, na tundu hushonwa siku lilipoonekana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Viongozi nao wana deni: wahakikishe chandarua kipya kimefika kabla cha zamani hakijachakaa, kwa maana haifai kumlaumu mtu kwa kulala chini ya matambara ikiwa hakupewa kingine.

Wafanyakazi wa Arusha wametimiza wajibu wao kiwandani. Uliobaki ni wetu sote, nyumbani.