Fahamu: Kwa nini ndege hutikisika ikikaribia Songwe

Msafiri wa Ndalambo, mkoani Songwe, anayekwenda Dar es Salaam kwa ndege huweza kupandia Uwanja wa Ndege wa Songwe, mkoani Mbeya, ulioanza kutumika 2012. Uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 12, hivyo ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili mabawa yaibebe.

Lakini mtikisiko wenyewe huanzia ardhini. Mchana, shamba lililolimwa hupata joto zaidi kuliko msitu wa jirani, na hewa ya juu yake hupanda. Bawa likitoka kwenye hewa ya nyuzi 20 na kuingia ya nyuzi 30, msongamano wa hewa hupungua asilimia 3 hivi tu. Kinachotikisa hasa ni ile hewa inayopanda, kwa sababu hubadili pembe ambayo kwayo hewa hulikuta bawa. Mwaka 1925 mhandisi Herbert Wagner alionyesha kwamba pembe ikibadilika ghafla, nusu ya nguvu mpya ya kuinua huja papo hapo. Iliyobaki hujengeka bawa likiendelea kusonga.

Ukiona ncha ya bawa inanesa, usiogope: limeundwa linese. Wewe funga mkanda muda wote uliokaa, hata taa yake ikizimwa.