Unampigania nani? Vita vya simu na watu usiowajua

Septemba ikifika, Apple huzindua iPhone mpya kule California, na kwa saa za Nairobi shughuli hiyo huanza mwendo wa saa mbili usiku. Ni wakati mbaya kweli. Watu wametoka kazini, wengine wamekwama kwenye matatu Thika Road, bando la jioni limenunuliwa na hasira za mchana bado zipo. Kabla mkubwa wa Apple hajamaliza kueleza kamera, vita vimeshaanza. Mmoja anaandika kwamba Samsung ilikuwa na kitu hicho miaka mitatu iliyopita. Mwingine anamwambia arudi kwa kabambe yake. Wa tatu anauliza, "Kwani hiyo yako umemaliza kulipia, ama bado ni lipa mdogo mdogo?" Kufikia saa nne hakuna anayezungumzia simu tena. Wamefika kwa mamake mtu, kabila lake na mtaa anakoishi.

Na kumbuka, hakuna hata mmoja wao aliyeishika simu yenyewe.

Ukigombana na jirani kuhusu maji ya kufulia, kuna kitu utapata au utakosa. Lakini ukigombana na mtu wa Lagos au Manila ambaye hujui hata jina lake halisi, kuhusu ipi bora kati ya Android na iPhone, ukishinda unapewa nini? Hata hivyo tunaingia, tena kwa nguvu zote, na kesho yake tunaamka macho mekundu tukidai ni vumbi la Nairobi.

Tuanze na kampuni zenyewe, maana hapo ndipo kichekesho kiko. Mwaka 2016 Apple ilitoa iPhone 7 bila tundu la spika za masikioni. Mashabiki wa Samsung walicheka hadi machozi, na Samsung yenyewe ikatengeneza matangazo ya kumkejeli mwenzake. Agosti 2019, Galaxy Note 10 ikatoka bila tundu hilo. Oktoba 2020 Apple ikaondoa chaja kwenye boksi la iPhone 12. Samsung ikarusha kijembe mtandaoni. Januari 2021, Galaxy S21 ikatoka bila chaja, na kijembe kile kikatoweka kwenye ukurasa wao. Yule kijana aliyekesha akiitetea Samsung mwaka 2016 alibaki pale na maneno yake, yako mtandaoni hadi leo, ilhali kampuni aliyoipigania ilishahama upande.

Si hayo tu. Skrini za iPhone nyingi hutengenezwa na Samsung Display. Yaani kila Apple inapouza simu, kuna pesa zinazoelekea Korea Kusini. Google nayo, wenye Android, iliilipa Apple takriban dola bilioni 20 mwaka 2022 ili utafutaji wa Google uwe wa kwanza kwenye Safari. Hilo si porojo, lilitoka kwenye stakabadhi za kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya trilioni mbili, zaidi ya nusu ya bajeti ya Kenya ya mwaka mzima. Wakubwa wanakula sahani moja huku mashabiki wao wakitupiana cheche za maneno nje ya mlango.

Fundi mmoja ninayempelekea simu pale Luthuli Avenue ana njia yake ya kuwanyamazisha wateja wakianza ubishi. Anazifungua Tecno moja na Infinix moja, anaziweka kando kwa kando bila vifuniko, kisha anauliza ipi ni ipi. Mara nyingi kunakuwa na kimya. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, Uchina. Kuna watu wamefungiana mtandaoni kwa ajili ya ndugu wa tumbo moja.

Mbona basi tunapandwa na hasira hivyo? Mwanasaikolojia John Suler aliandika mwaka 2004 kuhusu jinsi watu wanavyolegeza breki wakiwa mtandaoni. Hakuna anayekuona, hujui sura ya unayemjibu, na unaweza kutupa neno kisha ukazima simu ukalala. Maneno ambayo usingethubutu kumwambia mtu uso kwa uso kwenye foleni ya KenCom, unayaandika ukiwa kitandani.

Lakini nadhani sisi Wakenya tuna jambo letu la ziada: tumelelewa na mchongoano. Tangu shule ya msingi tunajua kumchana mwenzako hadi darasa zima linaanguka kwa kicheko. Mchongoano una sheria zake hata kama hazijaandikwa. Mnasimama ana kwa ana, kuna watu wanaosikiliza, kuna zamu, na ukiona mwenzako ameumia kweli unapunguza. Kengele ikilia mnagawana mandazi. Mtandaoni vitu hivyo vyote havipo. Unamchana mtu akidhani unamaanisha, naye anakujibu kwa uzito, wewe unaona amekosa heshima, na hapo mchezo umekwisha.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao unaoeleza sehemu ya tatizo hili. Watu walitakiwa kutuma sentensi za kejeli na za kweli, kwa sauti au kwa barua pepe, na kukisia kama mpokeaji angezitofautisha. Walitarajia waeleweke mara 78 kati ya 100 kwa njia zote mbili. Kwa sauti ilikuwa 73. Kwa maandishi ilikuwa 56, yaani karibu sawa na kurusha shilingi juu. Sasa ongeza sheng ya Umoja kwa msomaji wa Mombasa, uone.

Madhara hayaishii kwa wale wawili wanaogombana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Dominique Brossard na Dietram Scheufele wakiwa miongoni mwao, waliwapa Wamarekani 1,183 makala ileile kuhusu teknolojia ya chembe ndogo sana za fedha, madini yale ya fedha. Wengine waliona chini yake maoni ya adabu, wengine maoni yaliyojaa matusi. Hoja zilikuwa zilezile. Waliosoma matusi walivutwa zaidi kila mmoja kwenye upande aliokuwa ameegemea tangu mwanzo, hata katika kupima kama teknolojia hiyo ina hatari. Jarida la Popular Science, lililoanza mwaka 1872, liliutaja utafiti huo Septemba 2013 lilipofunga kabisa sehemu ya maoni ya wasomaji kwenye tovuti yake. Kwa hivyo unapomwita mtu mjinga, wale wanaopita kimya bila kuandika chochote, ambao ndio wengi, nao wanabadilika.

Hapo sasa kuna mzee atasema vijana waache kubishana mtandaoni wakatafute kazi. Mimi sikubaliani naye. Kuna ubishi kuhusu teknolojia ambao lazima uwepo, na wageni ndio hasa unaofaa kubishana nao kwa sababu rafiki zako mnafikiri sawa.

Kumbuka Worldcoin. Mwisho wa Julai 2023 watu walipiga foleni KICC wakapigwa picha ya mboni za macho, wakapata sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban Sh7,000. Mitandaoni kulichafuka. Waliouliza data hizo za macho zinaenda wapi waliambiwa wana wivu, wameshiba, hawajui njaa. Waliopiga foleni nao wakaitwa wajinga waliouza macho. Agosti 2 serikali ikasimamisha shughuli hiyo, Bunge likaunda kamati, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza data hizo zifutwe. Swali la data lilikuwa swali la haki, na waliolishikilia hawakuwa na wivu wowote. Lakini Sh7,000 ni kodi ya chumba kimoja katika mitaa mingi ya Nairobi, na mtu anayekwambia hivyo anakupa hoja. Wachache sana walijibu hoja zote mbili. Ningependa kuwasoma hao zaidi ya wale waliopata laiki elfu tatu.

Au Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023. Safaricom ilipoiandikia Mamlaka ya Mawasiliano mwaka uliofuata, ikitaka kampuni za setilaiti zifanye kazi kupitia washirika wenye leseni humu nchini, watu waligawanyika usiku mmoja. Hapo kulikuwa na mambo ya maana: bei ya intaneti, kazi za mafundi wanaotandaza nyaya, nani atawajibika mawimbi yakiingiliana, na mwalimu wa Turkana ambaye hakuna anayetandaza nyaya kumfikia. Ukisoma ubishi ule ungejifunza kitu, mradi uruke matusi ya Elon Musk.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Januari 29, 1992, Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam aliandika kwenye kikundi cha mjadala cha Usenet kwamba Linux imepitwa na wakati. Linux ilikuwa kazi ya mwanafunzi wa Helsinki aliyekuwa na miaka 22, Linus Torvalds. Tanenbaum alikuwa na mfumo wake endeshi, Minix, na aliamini kiini cha mfumo kinafaa kuwa kidogo, mambo mengine yakae kando. Torvalds alijibu kwa ukali siku hiyohiyo. Profesa akamwambia ashukuru kwamba si mwanafunzi wake, kwa sababu asingepata alama nzuri kwa muundo kama ule. Kijana naye hakurudi nyuma, ila muda si mrefu aliandika tena kuomba radhi kwa lugha yake, huku akiendelea kuitetea kazi yake nukta kwa nukta.

Simu yoyote ya Android, hata ile ya Sh8,000, imejengwa juu ya Linux. Aliyeambiwa asingepata alama nzuri anaendesha dunia. Ila subiri. Mwaka 2017 ilibainika kwamba Minix nayo ilikuwa imefichwa ndani ya chipu za Intel kwenye kompyuta nyingi, bila hata Tanenbaum kuambiwa ilivyosambaa. Aliwaandikia Intel barua ya wazi akiwashukuru kwa kejeli kidogo. Wale wawili walikuwa wanajua wanachokisema, kila mmoja alikuwa amejenga kitu kwa mikono yake, na ndiyo maana ubishi wao bado unasomwa na wanafunzi wa kompyuta.

Je, unaweza kumbadilisha mtu usiyemjua? Inawezekana, ingawa si kwa ubingwa wa kukomoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichunguza mwaka 2016 ukurasa wa Reddit ambapo watu huleta misimamo yao na kuomba wapingwe. Kujibizana kidogo kulisaidia, lakini mkishafika mara ya tano hivi, uwezekano wa kumshawishi mtu ulikuwa karibu kuisha. Waliofaulu mara nyingi walileta maneno mapya ambayo mwenye mada hakuwa ameyatumia, na walikuwa tayari kusema "pengine". Kwa hivyo ukijikuta jibu la kumi na saba saa saba usiku, buda, unajiongelesha.

Kuna pia suala la sheria. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha Kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichokuwa kikiwatia vijana mbaroni kwa walichoandika. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, yenye adhabu za unyanyasaji mtandaoni zinazofika faini ya mamilioni au miaka jela. Baadhi ya vipengele vyake vimepingwa mahakamani, lakini skrinshoti haisubiri hukumu. Mtu wa kuajiri hahitaji hakimu, anatafuta jina lako tu.

Na kama wewe ni msichana, vita hivi vina kanuni nyingine kabisa. Mvulana akisema chipu fulani inapata joto, anaulizwa amejuaje. Msichana akisema hilohilo, anaulizwa simu alinunuliwa na nani. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba silishangai tena, na hilo lenyewe linanikera. Swali likishaulizwa, wengine wanaongeza vicheko, mada ya chipu inakufa, na aliyekuwa anaijua kuliko wote anaondoka.

Rafiki yangu mmoja anafundisha uhandisi wa kompyuta katika chuo kimoja cha kiufundi jijini. Akaunti yake yenye jina na picha yake haandiki kitu kuhusu simu, huweka picha za keki na harusi. Akitaka kubishana kuhusu betri na prosesa, anaingia kwa akaunti nyingine yenye herufi mbili tu na picha ya Subaru. Huko ana wafuasi wengi. Wanamwita bro, wanamwita buda, na akiandika jambo wanauliza maswali ya maana.