Rangi ya Leso na Rangi ya Kiwambo: Kusawazisha Viwambo vya Tarakilishi kwa Ajili ya Uchapaji

Leso ina mji, ina pindo na ina jina. Sehemu hizi tatu zinafahamika vyema kwa wanafunzi wa Kiswahili, hasa jina, ambalo limechunguzwa kama fasihi, kama mawasiliano na kama falsafa. Rangi ya leso haijapata bahati hiyo. Ilhali mnunuzi aingiapo Biashara Street, pembezoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, huiona rangi kabla hajasoma neno lolote, na aghalabu rangi ndiyo inayoamua iwapo atasogea karibu alisome hilo jina.

Biashara yenyewe ni kongwe. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lijulikanalo kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla", lilianzishwa Mombasa mwaka wa 1887. Kwa miongo mingi leso za pwani zilichaguliwa huku na kupigwa chapa kwingine: India, Ulaya na Mashariki ya Mbali. Viwanda vya Afrika Mashariki viliingia baadaye, mathalani kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka wa 1968, lakini hata leo leso nyingi hutoka India. Kwa hiyo anayeamua rangi yuko Mombasa, na anayeichanganya yuko ng'ambo ya bahari. Umbali huo waweza kuzibwa kwa kipande cha kitambaa kinachotumwa kwa posta. Siku hizi huzibwa mara nyingi kwa picha iliyosanifiwa kwenye tarakilishi na kutumwa kwa barua pepe, na hapo ndipo tatizo linalojadiliwa na makala haya linapozaliwa.

Lugha nayo ina nafasi yake katika tatizo hili. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. (Haikosi kuvutia kwamba hizo ndizo rangi tatu za kisutu, leso ya harusi.) Rangi zilizosalia huazimwa kwenye vitu: kijani kwenye majani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda lake, samawati kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Damu ya mzee na maji ya kunde ni tungo kamili. Utaratibu huu una busara ndani yake, kwani anayetaja rangi anataja papo hapo kitu cha kuilinganishia. Udhaifu wake ni kwamba vitu hivyo havitulii. Mbingu ya saa nne asubuhi si ile ya saa kumi na moja jioni, na majani ya mwembe machanga si yale yaliyokomaa.

Kiwambo kilipoingia kilionekana kuuondoa udhaifu huo. Badala ya kuitaja rangi, msanifu aliweza kuionyesha. Lakini kiwambo hakionyeshi rangi ya kitambaa. Kinaonyesha nuru yake chenyewe. Kila pikseli huchanganya nuru nyekundu, kijani na buluu, na zote tatu zikiwaka kwa ukamilifu hutoa nyeupe. Kitambaa hufanya kinyume: hakina nuru, hupokea ile iliyopo, hufyonza sehemu yake na kurudisha iliyobaki. Isitoshe, viwambo viwili vilivyonunuliwa siku moja, vya aina moja, vyaweza kupewa nambari zilezile za rangi vikatoa nyekundu mbili. Kimoja kikizeeka, tofauti huongezeka.

Na ichukuliwe kwamba familia moja ya Mji wa Kale imeagiza doti mia mbili za leso kwa ajili ya harusi, zikiwa na jina la kutungiwa. Msanifu anaichora nyekundu ya kisutu kwenye kiwambo ambacho, kama vilivyo vingi vinapotoka kiwandani, kimewekewa mwangaza mkali mno na weupe unaoelekea buluu. Nyekundu anayoiona ni baridi, basi anaipasha kwa kuongeza manjano hadi imridhishe. Faili linapofika kwa mpiga chapa hubeba marekebisho hayo yote, yaliyokuwa dawa ya maradhi ya kiwambo wala si ya rangi. Leso zinarudi zikiwa na rangi ya tofali. Mpiga chapa atasema alifuata faili, msanifu atasema aliona nyekundu, na wote wawili watakuwa wakweli. Harusi haiahirishwi kwa ajili hiyo, na fedha zimekwisha kulipwa.

Kusawazisha kiwambo ni kukiondoa katika hali hii ya kuwa shahidi wa nafsi yake. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa mwaka wa 1931, pale Tume ya Kimataifa ya Nuru, CIE, ilipotoa namna ya kuieleza rangi yoyote kwa nambari kulingana na jicho la wastani la binadamu, bila kutegemea chombo kinachoitoa. Mwaka wa 1993 makampuni kadhaa yaliunda muungano uitwao ICC, ambao ulisanifisha faili dogo la maelezo, yaani profaili, linaloeleza jinsi kiwambo, printa au mtambo fulani unavyozitoa rangi. Kwa njia hiyo, tarakilishi huweza kufasiri kutoka lahaja ya kiwambo hadi lahaja ya mtambo kwa kupitia lugha sanifu iliyo katikati yao. Mwanafunzi wa isimu hatapata taabu kuuelewa mpango huo.

Utekelezaji wake si mgumu. Kiwambo huwashwa na kuachwa kwa muda wa nusu saa hivi ili nuru yake itulie. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo lisilo geni, kungoja huanza upya. Kisha mwangaza hupunguzwa. Kwa kazi za uchapaji kiasi cha kandela 80 hadi 120 kwa kila mita mraba hutosha, na wengi hushangaa kuona jinsi kilivyo hafifu kikilinganishwa na mazoea yao. Weupe huwekwa kwenye Kelvini 6500, au 5000 pale kiwambo kitakapolinganishwa ana kwa ana na karatasi au kitambaa. Gama, yaani mpando wa mwangaza kutoka giza hadi weupe, huwekwa kwenye 2.2. Baada ya hapo kifaa cha kupimia rangi hutundikwa mbele ya kioo. Programu huonyesha vipande vya rangi kimoja baada ya kingine, kifaa husoma kila kimoja, na mwishoni profaili huandikwa.

Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa. Kusawazisha ni jambo moja, kuhakiki ni jingine. Katika uhakiki, programu huonyesha tena rangi ambazo thamani zake zinajulikana na kupima kiwambo kimekosea kwa kiasi gani. Kosa hilo huhesabiwa kwa kipimo kiitwacho delta E. Tofauti ya 1 hivi iko kwenye ukingo wa kuonekana, na wastani usiozidi 2 ni wa kuridhisha kwa kazi nyingi. Kiwambo kisichoweza kuyafikia haya hata baada ya kusawazishwa kimekwisha muda wake kwa kazi ya rangi, ijapokuwa bado kinafaa kabisa kuandikia tasnifu.

Asiye na kifaa hawezi kusawazisha kwa macho. Jicho huzoea: dakika chache mbele ya kiwambo chenye weupe wa buluu, na weupe huo huonekana mweupe kamili. Anaweza, hata hivyo, kugundua kasoro kubwa. Achore ngazi ya kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe, isiyo na rangi nyingine. Vidato vikionekana kuegemea waridi au kijani, au vya giza vikimezana, kiwambo hakiaminiki.

Jambo linalosahaulika mno ni nuru ya chumbani. Viwango vya kimataifa vya uchapaji hutaka kazi itazamwe chini ya nuru iitwayo D50, mfano wa mchana wa Kelvini 5000, katika mazingira ya kijivu. Maduka na vyumba vya Mji wa Kale havikujengwa kwa kusudi hilo. Vichochoro ni vyembamba, kuta zilizopakwa chokaa hurudisha jua kwa ukali saa za mchana, na leso nyekundu iliyotundikwa mlangoni hukifanya chumba kizima kuwa chekundu. Zaidi ya hayo, vitambaa viwili vyaweza kulingana kabisa chini ya taa ya dukani na kuachana vinapofikishwa juani, kwa kuwa rangi zao zimetokana na kemikali tofauti. Mnunuzi anayeshika pembe ya leso na kutoka nayo hadi mlangoni kabla ya kutoa pesa anaujua ukweli huu, hata kama hajapata kusikia habari za D50.

Kusawazisha nako kuna mpaka. Viwambo vingi vya kawaida hufuata wigo wa sRGB, uliopendekezwa mwaka wa 1996 na HP na Microsoft, na wigo huo hauzibebi rangi zote zinazochapika. Baadhi ya feruzi na manjano kali huangukia nje yake. Leso ina ugumu wa ziada. Kitabu huchapwa kwa wino nne zinazochanganyika karatasini, lakini katika uchapaji wa vitambaa kwa desturi kila rangi huchanganywa ndooni peke yake na kupitishwa kwenye wavu wake. Kwa hiyo nyekundu ya kiwambo, hata ikiwa sahihi kiasi gani, ni maelekezo tu kwa mtu mwenye ndoo. Inafaa iandamane na nambari kutoka katika katalogi ya rangi kama ile ya Pantone, iliyoanza mwaka wa 1963, na toleo litumiwe lile la nguo, kwani wino huohuo haufanani juu ya karatasi na juu ya pamba.

Wafanyabiashara wa leso wana mazoea ya nambari tayari: leso nyingi huchapwa nambari ya muundo ukingoni, kando ya jina la mwenye mali. Kuongeza nambari ya rangi katika hati ya kuagizia si hatua kubwa. Kiwambo nacho kisawazishwe upya kila mwezi, na sampuli iliyokubaliwa na pande zote mbili ikatwe vipande viwili, kimoja kibaki Mombasa na kingine kiende kwa mpiga chapa. Vyote viwili viwekwe ndani ya bahasha, mbali na jua, maana kitambaa nacho hupauka.