Kumtayarisha mtoto mdogo mbele ya kupimwa damu



Wengi wetu hapa shuleni tunajua jambo hili. Mama yuko kwa shamba ao kwa soko, mdogo wetu anapata homa, na sisi ndio tunaambiwa: "Yaya, mpeleke kwa lopitali." Tunafika, muganga anaandika karatasi, tunatumwa kwa labo. Hapo vita inaanza. Mtoto anapiga miguu, anauma mkono wa papa wa labo, watu watatu wanamshika. Kundi letu la Afya limeona vema kueleza namna ya kumtayarisha mtoto wa miaka 2 mpaka 8, zaidi kwa kipimo cha malaria, maana ndicho tunakutana nacho kila mara.

1. Kipimo kinafanywa namna gani?

Hauwezi kueleza mtoto jambo ambalo wewe mwenyewe haujui. Kuna njia mbili. Ya kwanza wanaiandika GE: ni tone nene la damu linalowekwa juu ya kioo kidogo. Linaachwa likauke, linatiwa rangi ya Giemsa, kisha linaangaliwa kwa mikroskopi. Ni kwa mikroskopi vilevile Laveran, munganga wa jeshi la Ufaransa, aliona mdudu wa malaria ndani ya damu ya mgonjwa mwaka 1880, kule Aljeria.

Ya pili ni TDR. Tone dogo la damu linatiwa ndani ya kipande cha plastiki pamoja na matone ya dawa ya maji, na jibu linasomwa kisha dakika 15 ao 20 hivi. Kistari kimoja fasi ya alama C, malaria haikuonekana. Kistari cha C pamoja na kingine, malaria iko. Kama kile cha C hakitokei, kipimo kimeharibika, kinafanywa tena.

Kwa zote mbili, mtoto anatobolewa mara moja kwa ncha ya kidole. Mtoto mchanga anatobolewa kwa kisigino. Kidole kinapanguswa na alkoli, kinaachwa kikauke, kisindano kipya kinatoboa, tone la kwanza linapanguswa na pamba kavu, na damu inayofuata inachukuliwa. Ni matone tu. Wala hailazimu mtoto ashinde njaa.

2. Juu ya nini tusiache kipimo?

Homa si malaria kila mara. Inaweza kutoka kwa mapafu, kwa masikio ao kwa tumbo. Tangu mwaka 2010 OMS inashauri kila mtu anayezaniwa kuwa na malaria apimwe mbele ya kupewa dawa. Lakini mtoto akipigana sana, tone linaharibika, na anatobolewa mara ya pili. Jamaa wengine wanachoka na kusema: "Acha, tununue dawa tu kwa farmasi." Basi mtoto anameza dawa ya malaria, na ugonjwa wake wa kweli unaendelea ndani ya mwili.

3. Mtoto anaogopa nini?

Kwanza, sisi wenyewe tumemfundisha kuogopa. Akikataa kula ao kuoga, tunamwambia: "Nitaita muganga akuchome sindano!" Kwa siku nyingi sindano imekuwa fimbo, na muganga amekuwa kama askari. Namna gani leo tunataka amtolee kidole kwa furaha?

Pili, tunamdanganya. "Tunaenda kusalimia shangazi." "Haitauma hata kidogo." Kisha inauma. Toka ile siku, mtoto anajua kama neno la yaya si kweli. Mara ingine akisikia homa atanyamaza, ao atajificha nyuma ya nyumba. Sisi tunaofundishwa kila asubuhi kwamba uongo ni zambi, tusizani kwamba uongo kwa mtoto mdogo ni jambo ndogo.

Tatu, ana mawazo yake. Watoto wengi wanafikiri damu yote itatokea kwa kale katundu na kuisha. Mwambie ukweli: mtoto wa kilo 15 ana zaidi ya litre moja ya damu, na labo inachukua matone machache. Wengine wanafikiri ni azabu kwa sababu walifanya vibaya. Mwambie: "Haukukosa kitu. Ni homa ndiyo tunaitafuta."

4. Maneno ya kumwambia

Usimwambie mapema mno. Wa miaka 2 ao 3, ongea naye kidogo tu mbele ya kufika. Wa miaka 4 mpaka 6, asubuhi ile kwa nyumba. Mkubwa zaidi anaweza kujua tangu jana yake. Sema maneno mafupi, kwa luga anayoongea nyumbani:

"Tunaenda kwa lopitali. Papa wa labo atatoboa kidole chako kidogo. Itauma kama mwiba, kisha itaisha. Atachukua tone la damu kusudi aone nini inakuletea homa. Nitakuwa pamoja na wewe. Unaweza kulia, lakini mkono usitikisike."

Kama nafasi iko, mcheze mchezo. Chukua mtoto wa vitambaa, kajiti na pamba. Kwanza wewe umpime yule mtoto wa vitambaa, kisha mdogo wako ampime, kisha akupime wewe. Mtoto aliyekuwa "muganga" kwa nyumba hashangai sana akifika kwa labo.

5. Ndani ya labo

Usimlaze chali na kumkandamiza. Mkalishe juu ya magoti yako, kifua chake kwa kifua chako, mkono mmoja ukimkumbatia, mwingine ukishika mkono unaopimwa. Kama ni mtoto wa maziwa na mama yuko, amnyonyeshe wakati ule ule, inapunguza maumivu.

Umpe kitu cha kuchagua: mkono gani? Anataka kuangalia ao kugeuza uso? Lakini usimuulize kama anataka kupimwa, maana akijibu hapana utafanya nini? Wakati wa kutoboa, mwambie apulize kama anazima taa, ao muhesabu pamoja.

Usiseme: "Mwanaume halii." Kulia si kosa.

6. Kisha kipimo

Abonyeze pamba yeye mwenyewe mpaka damu ikauke. Msifu kwa jambo alilofanya kweli: "Uliacha mkono wako utulie." Mwambie jibu pia, maana ni damu yake. Kama malaria haikuonekana, usimcheke muganga. Umuulize anafikiri homa inatoka wapi. Tena usisahau kumwonyesha dawa zote mtoto alizomeza kwa nyumba, maana TDR nyingi zinaweza kuonyesha malaria hata majuma kisha mtu kupona.

7. Siku ya kutongoja

Kama mtoto anashikwa na degedege, hawezi kunywa ao kunyonya, anatapika kila kitu, anapumua kwa shida, ao analala na haamuki vizuri, hakuna wakati wa michezo. Mbebe, kimbia kwa lopitali, na umwambie maneno njiani: "Niko hapa, tunaenda kutafuta msaada."

Wapendwa, kazi hii haiombi feza. Inaomba dakika kumi na kinywa kisichodanganya. Tuanze juma hili kwa jambo moja: kila mmoja wetu akirudi nyumbani, aache kutisha wadogo wake na sindano.

Kundi la Afya