Ubao wa Tanga Katikati ya Mawimbi

Wamarekani Jim Drake na Hoyle Schweitzer walipobuni ubao wa tanga huko California katika miaka ya 1960, hawakuukusudia kwa mawimbi makubwa. Mchezaji husimama juu yake akishika tanga kwa mikono. Aliporushwa hewani, ubao ulikwenda njia yake, naye akaenda yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wanamichezo wa Kailua, katika visiwa vya Hawaii, walifunga juu ya ubao mikanda ya kutia miguu, wakaweza kuruka na kutua nao.

Lakini mkanda huo huo huweza kuvunja mguu. Ukilegezwa mno, mguu huzama hadi kifundoni, na mtu aangukapo hauchomoki. Yafaa vidole tu vijitokeze upande wa pili.

Upepo ukizidi, wengi hutegemea nguvu za mikono. Bure! Kwanza ivutwe kamba ya chini ya tanga, ili kitambaa kilale bapa na ncha ya juu ilegee kuupitisha upepo. Kisha mpini wa kushikia ushushwe kidogo. Kitako cha mlingoti kikisogezwa mbele, pua ya ubao hutulia. Kikirudishwa nyuma, ubao hugeuka upesi usoni mwa wimbi. Kisogezwe sentimita 1 au 2 tu, na jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo haitajulikana lipi lililosaidia. Pezi dogo nalo hurahisisha kugeuka, ila likipungua mno, mkia huteleza kando.