Kazi Inakabidhiwa, Jukumu Linabaki

Ndugu na dada wa ITM na ISTM, na wewe uliyemaliza masomo na bado uko unangojea kuajiriwa: leo tuongelee jambo tunalofanya kila siku hopitalini bila kulitaja jina. Ni kukabidhi kazi. Darasani tunasema delegasiyo.

Kukabidhi kazi maana yake nini? Muuguzi mwenye kuwajibika juu ya mgonjwa anampa mtu mwingine kazi fulani aifanye, lakini yeye mwenyewe anabaki mwenye kujibu juu ya ule mgonjwa. Wengi wetu tunashika nusu ya kwanza tu: kutoa kazi. Nusu ya pili tunaisahau, na pale njo wagonjwa wanaumia.

Tuchukue mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho. Mtoto wa miaka 3 analetwa pediatri na malaria kali. Viganja vimekuwa vyeupe, anahema haraka, hemoglobini iko chini ya gramu 4. Daktari anaandika: aongezewe damu. Ni usiku. Muuguzi wa A1 yuko na chumba kizima juu yake, pamoja na A2 mmoja na wanafunzi wawili wa staji. Anageuka, anasema: "Weye mwanafunzi, enda utie damu kwa ule mtoto wa kitanda ya ine." Hiyo haiko delegasiyo. Ni kutupa kazi.

Huko Marekani, baraza linalounganisha bodi za wauguzi lilipanga masharti matano ya kukabidhi kazi, na leo yanafundishwa mahali pengi. Tuyapitishe kwa ule mtoto.

1. Kazi yenyewe inafaa? Kupima joto, kuhesabu mapigo na pumzi, kuleta vifaa: mwanafunzi aliyefundishwa anaweza. Kuhakikisha kundi la damu, kuanzisha damu, kuamua kama iendelee au isimamishwe: hapana. Kazi yenye kuomba uamuzi wa muuguzi haikabidhiwi kwa asiye muuguzi.

2. Hali inafaa? Mtoto mwenye kuhema haraka hali yake inaweza kugeuka kwa dakika chache. Kazi ambayo mchana, kwa mgonjwa aliyetulia, ungemwachia mwenzako, usiku ule haiachwi.

3. Mtu anafaa? Usiangalie blouse nyeupe. Uliza: "Umeshafanya hii kazi? Mara ngapi? Nani alikuona ukifanya?" A2 mwenye mazoea anaweza kuwa mtu wa pili wa kuhakikisha mfuko wa damu. Mwanafunzi wa juma la kwanza hawezi.

4. Maelezo yako wazi? "Angalia ule mtoto" haiko maelezo. Sema hivi: "Pima joto, mapigo na pumzi sasa, mbele damu haijaanza. Nitakuwa naye dakika 15 za kwanza. Kisha utapima tena kila nusu saa, uandike kwa fishi. Joto ikipanda, akitetemeka, akihema vibaya ao mkojo ukiwa mweusi, funga damu, uniite palepale." Halafu mwambie arudilie kwa kinywa chake yale aliyosikia.

5. Kuna ufuatiliaji? Aliyekabidhi anarudi kuona kwa macho yake. Dakika 15 za kwanza ziko za kuogopesha, kwani hatari kubwa ya damu isiyolingana mara nyingi inaonekana mapema. Na mtoto wa miaka 3 hatakuambia kwamba mgongo unamuuma.

Tusisahau jambo hili: mara nyingi kosa la kundi la damu halitokani na mashine ya laboratware. Linatokana na jina. Chupa ya damu inaandikwa mbali na kitanda, ao mama anaulizwa "Huyu ni Amani?" naye kwa uchovu anajibu "Ndiyo." Uliza: "Mtoto anaitwa nani?" Kisha uandike chupa palepale, mbele ya mgonjwa.

Sasa maadili yanaingia wapi? Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Tom Beauchamp na James Childress, walitoa kitabu chenye kueleza misingi minne ambayo wengi wetu tunaikariri juu ya mitihani. Kwa kitanda ya ine inapata sura. Kutenda mema: mtoto apate damu bila kuchelewa. Kutodhuru: isiwekwe na mkono usiojua. Kuheshimu uamuzi wa mtu: mama aelezwe damu ni ya nini na aijue kazi ya kila mtu anayemgusa mwanawe, asifichwe kwamba huyu ni mwanafunzi. Haki: mtoto wa mama asiye na kitu asigeuzwe uwanja wa kujifunzia, huku wa mwenye pesa akitunzwa na mwenye ujuzi.

Najua jibu: "Tuko wachache." Ni kweli, hakuna anayebisha. Lakini angalia vituo vyetu vya afya. Kule, muuguzi mkuu wa kituo anapokea wagonjwa na kuandika dawa, kazi ambayo kwingine inafanywa na daktari. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya kuhamisha kazi namna hiyo pale watumishi wanakosa, na lilidai mafunzo, usimamizi na kanuni zilizo wazi. Kwa hiyo uchache ni sababu ya kukabidhi vizuri zaidi. Hauruhusu kumwambia mlinda mgonjwa achunge serumu usiku kucha na wewe ulale.

Na kama wewe njo unakabidhiwa? Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizotolewa mara ya kwanza 1953 na kurekebishwa 2021, zinaomba tupime uwezo wakati wa kutoa kazi na wakati wa kuipokea pia. Kwa hiyo "shefu alinituma" haikufutii kila kitu. Kukataa kunawezekana kwa heshima: "Shefu, kuanzisha damu sijafundishwa. Naweza kupima vipimo na kukuletea vifaa. Tukienda pamoja, nitaangalia vile unafanya." Hapo haujadharau mkubwa, na mgonjwa hajaachwa.

Wakubwa pia tusaidie. Mwanafunzi akisema "sijui" akachekwa mbele ya wagonjwa, kesho hatasema tena, atajaribu. Atajaribu kwa mwili wa mtoto wa mtu.

Tangu sheria ya 2016 nchi yetu iko na Ordre des Infirmiers, na tunataka kazi yetu iheshimiwe. Tuanze kwa jambo dogo: zamu yako inayofuata, mbele ya kutoa ao kupokea kazi, pitisha yale masharti matano. Moja likikosa, simama kwanza, uliza, ndipo uendelee.