Gari la Dizeli Linapogoma Alfajiri

[SAUTI: stata inazungusha injini, mara ya kwanza, mara ya pili. Haiwaki. Jogoo. Mtu anaguna.]

Sauti hiyo niliirekodi Ggaba, Kampala, karibu na mwalo wa samaki, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Gari ni Toyota HiAce ya injini ya 3L, na umri wake unazidi wangu. Dereva ni Mkongo mwenzetu. Mchana hubeba samaki, na usiku majirani humgongea mlango mgonjwa akizidiwa au mama akishikwa na uchungu. Kwa hiyo gari hilo likigoma, hasara si ya samaki peke yake.

Nilimwambia, "Baba, labda ni baridi." Akacheka: "Mwanangu, baridi gani Kampala?"

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Alfajiri pale kando ya ziwa kuna nyuzi kama 17. Kwako wewe hiyo ni sweta tu. Kwa injini kuukuu ya dizeli ni baridi ya kutosha kabisa, na nitakueleza kwa nini.

Dizeli, au mazutu kama tunavyosema sisi tuliotoka Kongo, haiwashwi kwa cheche. Pistoni hubana hewa, katika injini hii zaidi ya mara 20, mpaka inapata moto mkali. Dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Ukitaka kuamini, jaza upepo kwenye tairi la baiskeli, kisha shika pampu kwa chini. Inachoma. Sasa, injini nyingi za zamani hazinyunyizi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Huinyunyiza kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni, na kuta za chumba hicho zikiwa baridi hunyonya lile joto. Ndiyo maana kila silinda imewekewa plagi ndogo ya umeme ya kupasha joto. Mafundi huiita hita. HiAce hii inazo nne. Zile Land Cruiser za injini ya 1HZ, ambazo mashirika mengi huja nazo makambini, zinazo sita.

Dereva wetu hakujua kwamba hita zake zinakufa moja moja, kwa sababu alikuwa na ujanja wake. Kila jioni aliegesha kwenye mteremko, pua ikitazama chini. Asubuhi anaachia breki, gari linashika kasi, anaingiza gia ya pili na kuachia klachi. Linawaka. Akajisifu miezi mingi. Kisha usiku mmoja wa mvua akaliacha kwenye uwanja tambarare, na usiku huohuo akaja jirani ambaye mke wake alikuwa na uchungu. Wanaume sita walisukuma kwenye matope. Walifika hospitali na mtoto yupo, mzima, nimemwona. Lakini baba yule bado akisimulia anashika kichwa.

Kwa hiyo, kama nawe una mteremko wako, uache kwa siku tatu. Egesha tambarare ujue ugonjwa.

Cha kwanza, sikiliza stata. Ikizungusha injini polepole, kwa kulalamika, usiguse hita bado. Tazama betri, vichwa vyake vyenye ule unga mweupe au wa kijani, na waya mnene unaokwenda kwenye bodi. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Wakati stata inazunguka, ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka au waya haupitishi. Dizeli inahitaji kuzungushwa kwa kasi, maana hewa ikibanwa polepole inapoa na kuvuja kabla ya kuwaka.

Ikiwa stata inazunguka vizuri, mtume mtoto akasimame nyuma, pembeni, atazame bomba la moshi. Hapa ndipo pesa yako inapookoka. Moshi mweupe unaonuka dizeli na kuchoma macho, maana yake mafuta yanafika lakini hayawaki. Mshukiwa wa kwanza ni hita. Kama hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayafiki: filta imeziba, au hewa imeingia kwenye mpira na dizeli imerudi kwenye tangi usiku. Kwenye hiyo HiAce kuna pampu ya mkono juu ya filta. Ipige mpaka iwe ngumu. Gari likiwaka mara moja baada ya hapo, tafuta mahali hewa inapoingia. Na wanaonunua dizeli ya jerikani, fungueni chini ya filta mmwage maji, huwa yamo.

Turudi kwenye hita. Usidanganywe na taa ya dashibodi. Ikizima, wengi hudhani hita zimepata moto. Taa ile hufuata saa yake tu, huzima hata hita zote zikiwa zimekufa.

Kupima ni rahisi. Kuna kipande cha chuma kinachounganisha hita zote kwa juu. Kifungue na ukiondoe. Usipokiondoa, hita moja nzima itazifichia aibu zile zilizokufa. Chukua taa ya kupimia, waya mmoja kwenye chanya ya betri, ncha nyingine gusa kichwa cha hita moja moja. Taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, hiyo imekufa. Kama zote ni nzima, rudisha kile kipande, mwenzako ageuze ufunguo, upime kama umeme unafika. Usipofika, kosa liko kwenye fyuzi au rilei. Hita zikiwa nzima, umeme unafika, betri nzuri, na bado moshi ni mweupe, hapo ndipo umwambie fundi apime mbano wa silinda, na baadaye nozo. Si kabla.

Ndugu zangu, ile dawa ya kupulizia kwenye mdomo wa hewa, yenye itha, msiitumie kwenye injini yenye hita. Inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Na kuwasha matambara chini ya injini, nimeona kwa macho yangu, sisemi zaidi.

Ggaba tulipima pamoja. Kati ya nne, tatu zilikuwa zimekufa. Fundi mmoja alishamtaka dereva huyu pesa ya kufungua pampu nzima, na yeye alikuwa ameanza kukopa. Alikwenda soko la Kisekka na hita moja ya zamani mfukoni, ili apewe zenye volti zilezile na nyuzi zilezile, akanunua nne. Kesho yake nilirudi na redio yangu. Gari lilikuwa limelala tambarare, mbele ya mlango wake.

[SAUTI: ufunguo. Kimya kifupi. Stata. Injini inawaka.]